Watu wa Udongo na Watu wa Mikoko

Mwanangu Mina,

Umeniona nikitoka baada ya chakula cha mchana nikasema naenda kupokea mzigo. Hakuna mzigo. Nimekuja dukani kukuandikia, maana nyumbani leo hapakaliki. Mama yako anafungua begi lako kuhakikisha alichokwisha kuhakikisha, Bibi anakaanga visheti vya njiani utadhani Nairobi ni safari ya mwezi mzima, na Ba, mama yangu mzazi, anawaamuru wote wawili akiwa kitini. Hapa nimeshusha mlango wa chuma mpaka kiunoni ili Kariakoo yote ijue nimefunga. Hata hivyo kuna fundi cherehani ameinama akachungulia: "Bosi, bobini zipo?" Nimemuuzia. Mazoea yana tabu.

Habari za sweta, za kutunza pasi ya kusafiria, za kutokula njiani chakula usichokijua, mama yako amezimaliza. Mimi sina la kuongeza. Nataka nikuandikie juu ya jambo ulilolifanya wewe sebuleni kwetu, ambalo nadhani mpaka leo hujui ulifanya kubwa kiasi gani. Nikilisema kwa mdomo mbele ya bibi zako watanidaka katikati ya sentensi, kila mmoja anisahihishe kwa lake, na kesho alfajiri basi litaondoka sijafika popote.

Unajua nilivyomwoa Saada, mama yako, lakini unajua ule upande wa vichekesho: kwamba alikuja dukani kutafuta sindano, akarudi kesho yake kusema sindano mbovu, akarudi tena kusema ile mpya nayo mbovu, mpaka nikamwambia dada, tatizo si sindano. Hayo ni kweli. Ambacho sikukusimulia sana ni kilichofuata. Tulifunga ndoa bomani. Bibi yako mzaa mama alilia, akanawa uso, akaja amejifunga doti mpya ya khanga, akasimama nyuma yetu kama mlingoti. Kwa upande wangu hakuja mtu. Ba siku ile alikaa Upanga kwa baba yako mkubwa Dilip, akafunga madirisha, akasema kichwa kinamuuma.

Mimi nikaamua nitatafuta amani. Na amani niliyoijua ni ya mwenye duka la vipuri vya cherehani: sindano rafu hii, mikanda rafu ile, visichanganyike. Idd tulikula kwa Bibi, Mtaa wa Sikukuu. Diwali nilikupeleka Upanga, mimi na wewe tu, mama yako akabaki nyumbani Mchafukoge akisema amechoka. Ba hakuwahi kukanyaga kwetu. Bibi hakuwahi kutaja jina la Ba. Mimi nikitoka huku sisemi ya huku, nikifika kule sisemi ya kule. Miaka ikaenda, nikawa najisifu kwa wenzangu kwamba nyumbani kwangu hakuna ugomvi. Kweli ugomvi haukuwepo. Wala mazungumzo hayakuwepo.

Hata jina lako tulilichagua lipite milango yote miwili. Bibi anakuita Amina, Ba anakuita Mina, na kila mmoja anaamini yeye ndiye mwenye jina lenyewe na mwenzake analikosea. Nilijiona nina akili sana. Siku moja ulirudi na fomu ya shule, ukaniuliza, "Baba, hapa kwenye kabila niandike nini?" Nikakujibu, "Andika Mtanzania." Nikarudi kusoma gazeti. Ulinitazama vile fundi anavyotazama kipuri alichouziwa kwa maneno matamu, akafika nacho nyumbani hakiingii.

Basi ulikuwa kidato cha pili, Kelvin wa ghorofa ya chini alipoleta ile gemu yenu. Nilichukua muda kuielewa. Ubao hamna, simu hamna. Mmoja ni msimulizi, wengine kila mtu ana mhusika wake, mnasema mnachofanya, na dadu zile zenye pande nyingi zinaamua kama mmefaulu. Kitabu chake cha kanuni kilikuwa na viumbe wa kuchagua, watu lakini si binadamu: warefu wenye masikio yaliyochongoka, wafupi wenye ndevu na mashoka, majitu ya milima ya theluji. Jioni moja ulinijia umenuna.

"Baba, hawa wote hakuna hata mmoja anayetoka jasho."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Wewe hukucheka. Kesho yake ulinyakua maboksi yangu matupu ya vipuri, ukayafungua, ukaanza kuchora upande wa ndani. Ulikataa kuwaita makabila. Ulisema makabila yote ni watu, hawa ni kaumu nyingine kabisa. Wakoko, warefu, miguu yao imegawanyika kama mizizi ya mikoko, wanalala wamesimama na maji yanapanda na kushuka wasishtuke. Wadongo, wafupi na wapana, ngozi yao ya udongo uliochomwa, wakikasirika wanapasuka nyufa, na wakikaa kwenye maji muda mrefu wanayeyuka. Ukaweka uadui kati yao tangu enzi, maana mmoja anaishi ndani ya kile kinachomuua mwenzake. Nikasema moyoni, huyu mtoto ana kichwa. Sikujiuliza kichwa hicho kimetoa wapi habari ya nyumba mbili zisizoingiliana.

Siku mwenzenu wa gemu, Farida, alipokosekana mkaniingiza mimi nicheze. Unakumbuka. Mkanipa shujaa wa Kidongo, mwenye nyundo, anatakiwa kununua upanga haraka akautetee mji. Nikamuuliza mwenye duka bei. Akataja. Nikamwambia punguza. Kelvin ndiye alikuwa mwenye duka, naye mbishi. Tukavutana mpaka maadui wakafika, wakachoma soko zima, sisi bado tunapatana bei.

"Baba, hujapigana hata mara moja!"

"Lakini alikuwa anakaribia kushuka," nikasema. Tangu siku hiyo mkinipa kazi, mnanipa ya kuwa mti.

Kisha Ba akaanguka bafuni kule Upanga, akavunjika nyonga. Wakati huo baba yako mkubwa alikuwa keshafunga mizigo kuwafuata watoto wake Uingereza, na alitaka kwenda na mama. Ba alikataa akiwa kitandani hospitali. "Nimezaliwa Dar, nitachomwa Dar. Baridi ya nini?" Basi akaletwa kwetu, kwenye nyumba aliyoikataa miaka yote, amebebwa kwenye kiti na wapagazi wawili kupanda ngazi, uso ameugeuzia ukutani ili asionekane anaingia kwa hiari.

Mama yako alimpa chumba chako bila mimi kusema neno. Alikwenda mwenyewe sokoni akaleta sufuria mpya, mwiko mpya, kisu kipya, akavipanga kando, akamwambia, "Mama, hivi nyama haijawahi kuvigusa wala haitavigusa." Ba alivitazama. Akageuzia tena uso ukutani. Lakini jioni alikula, akaomba dengu ziongezwe.

Na Bibi yako, kwa desturi yao, mgonjwa lazima ajuliwe hali, awe nani. Akaja na bakuli la mbaazi za nazi na maandazi ya iliki, vitu ambavyo Ba anaweza kula. Akaketi.

"Pole, Mama Dilip."

"Nimeshapoa, Mama Saada. Ahsante."

Basi. Feni ikazunguka. Bibi akaja tena na tena, na kila akija ni "pole" na "nimeshapoa", halafu mmoja anachambua mchele na mwingine anatazama dirishani. Mimi nimekaa katikati natoka jasho kama Mdongo kwenye mvua, naleta habari za hali ya hewa.

Kwa kuwa chumba chako kilichukuliwa, gemu ikahamia sebuleni. Mkawa mnachezea mkekani, chini ya pua zao. Jumamosi ile mlikuwa mnazika mfalme wa Wadongo, wewe unasimulia kwa sauti nzito, mara Ba akasema kutoka kitini:

"Hao watu wako wa udongo. Siku ya msiba wanakula nini?"

Wote mkageuka. Ukasema, "Sijafikiria, Ba."

"Hujafikiria? Umewapa mikuki ya kila aina, chakula cha msiba hujafikiria? Watu watakuja kuzika watarudi na njaa?"

Na Bibi, macho yakiwa kwenye ungo wake wa mchele, akadakia, "Na hawa wa majini wanasalimianaje? Asiye na salamu si mtu huyo, ni mti."

Ba akamtazama. "Kweli kabisa," akasema.

Ndiyo mara ya kwanza nilisikia wakikubaliana juu ya kitu chochote duniani, na kitu chenyewe hakipo duniani.

Mwanangu, hapo ndipo nilipokuona. Mimi ningerukia, ningesema haya bibi zenu wanataka kucheza, ningewaaibisha wakakataa. Wewe ulisogeza mkeka karibu na viti vyao, ukaweka penseli moja kwa Ba na moja kwa Bibi, ukasema, "Naomba mnisaidie, nimekwama." Hukuwaalika mchezoni. Uliwaomba ushauri. Mzee gani atakataa kuombwa ushauri?

Kilichotoka pale unakijua kuliko mimi. Ba akasema mtoto wa Kidongo akizaliwa anaota moto wa jiko, na kila anayekuja kumwona anabonyeza dole gumba mgongoni mwake kabla udongo haujakauka, ili akikua atembee na alama za wote waliompokea. Bibi akasema Wakoko hawaulizani hujambo. Wanaulizana, "Maji yamekufikia wapi?" Mwenye raha anajibu magotini, mwenye shida anajibu shingoni, na ukijibiwa shingoni huruhusiwi kuondoka. Kelvin aliandika yote mdomo wazi. Kitabu chenu cha kanuni mkakifungia kabatini.

Wakaanza na kugombana. Ba anaomba kwa Kigujarati na anahesabu kwa Kigujarati, lakini akigombana anagombana kwa Kiswahili, na Kiswahili chake cha ugomvi kimekomaa hapa hapa Dar.

"Mama Saada, watu wako hawana adabu. Mgeni anaingia, maji yanaingia naye, vitanda vyote vinalowa!"

"Na wako wana kiburi, Mama Dilip. Wakiona wingu tu wanafunga milango, jirani anagonga wanajifanya hawasikii."

"Kiburi? Wanaogopa kuyeyuka!"

"Si waseme basi kama wanaogopa! Mtu atajuaje?"

Sauti zilifika ngazini. Jirani wa pembeni akagonga kuuliza kama ni salama. Mimi nikainuka jikoni niende kuwatuliza, mama yako akanishika shati.

"Waache."

"Wanagombana, Saada."

"Wanaongea," akasema. "Tangu tuoane ndiyo leo wanaongea."

Nikakaa. Niliwasikiliza mpaka mwisho, na mwisho wake Ba aliomba maandazi, na Bibi akamwambia yapo kwenye bakuli lile lile, mbona anauliza kama mgeni. Nilikaa na kisu na kitunguu mkononi nikawaza rafu zangu zote nilizozipanga, na jinsi nilivyowanyima hawa wanawake wawili ugomvi wao kwa kudhani nawapa heshima.

Nakuja kwenye siku yenyewe. Kelvin alikuwa akicheza kijana wa Kidongo, Farida binti wa Kikoko, na kwa utani wakaamua wahusika wao waoane. Bibi zako walipinga mpaka siku ya harusi. Harusi ilipofika wakashindana nani atapika zaidi. Kisha dadu zikasema mtoto amezaliwa. Wewe ukachukua karatasi yako ya kanuni, ukasoma kama mtu anayesoma nauli za basi:

"Nusu-koko. Ana nusu ya urefu wa Mkoko na nusu ya nguvu ya Mdongo. Majini hawezi kukaa sana, motoni hawezi kukaa sana. Hana mji unaompokea."

"Nani kaandika hiyo?" Ba akauliza.

"Mimi."

"Kwa nini nusu?"

Ulikuwa unapanga dadu mstari. "Kwa sababu ndivyo ilivyo, Ba."

"Nani kasema?"

"Wewe."

Nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Ukaendelea bila kuinua macho, sauti haina hasira hata kidogo, na hilo ndilo liliniumiza. Ukasema ulikuwa mdogo, Upanga, unacheza chini ya meza. Mgeni akaja akauliza huyu mtoto wa nani. Ba akajibu, "Wa mwanangu mdogo, lakini ni nusu."

Mina, mimi sikulijua hilo. Ulitembea nalo miaka yote, ukavuka nalo Mnazi Mmoja ukitoka kwa Bibi kuja nyumbani, ukajaza nalo ile fomu ya shule. Na mimi baba yako, pale mlangoni, nilifungua mdomo nifanye nilichozoea. Nilikuwa nataka kusema, "Jamani, chai." Mama yako akanitazama. Nikafunga mdomo. Sijui kama katika maisha yangu nimewahi kufanya kazi ngumu kuliko kusimama na sinia lile nikanyamaza kwa namna nyingine, ya kumwacha mtu ajibu.

Ba alijisogeza mbele kitini. Mikono yake ilikuwa juu ya ile fremu ya kutembelea.

"Nilisema," akasema. Kisha akasema, "Nilisema hivyo kabla sijajua watu wanatengenezwaje."

Akamgeukia Bibi. Hakumwita kwa sauti ya ugomvi wala ya mgonjwa. "Mama Saada, huyu mtoto tumfanyeje?"

Bibi aliweka ungo chini. "Kwetu Kilwa," akasema taratibu, "mkoko hauoti kwenye maji matupu. Ukiutia kwenye maji matupu unaelea, unaenda zake. Unaota kwenye tope."

"Na tope ni nini?"

"Tope si udongo uliokubali maji?"

"Basi," Ba akasema. "Huyo siyo nusu. Huyo ndiye anayewashika wote wawili wasianguke. Mina, leta kifutio."

"Ba, lakini kanuni—"

"Kanuni si umeandika wewe? Futa."

Ulifuta mpaka karatasi ikachanika. Kisha Ba akakuambia, "Geuka." Hukuelewa. Akarudia, "Geuka, nipe mgongo." Ukageuka, ukiwa na ile fulana yako ya njano, naye akajiinua kidogo akabonyeza dole gumba lake katikati ya mgongo wako, akalikaza hapo. Halafu akamwambia Bibi, "Na wewe." Bibi akainuka akabonyeza lake kando ya la Ba. Sikuona uso wako. Niliona mabega yako tu, na nikaona Kelvin anajifanya anatafuta dadu chini ya kabati. Nilirudisha sinia jikoni. Chai ile hakuna aliyeinywa. Nilisimama kati ya zile sufuria mbili za aina mbili nikalia kwa raha, mwanangu, raha tupu, mama yako akinipiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa.

Mengine yalikuja yenyewe. Watope, wale uliowatunga wiki ile pamoja na bibi zako, ndio kila mtu alitaka kuwacheza. Vijana wa mitaa mingine wakaanza kupanda ngazi zetu. Ukaweka michoro yako mtandaoni, na wale vijana wa Nairobi wanaotengeneza magemu wakaiona, wakakuita ukafanye kazi ya kuwatungia kaumu za ulimwengu wao. Nilipomwambia Ba kwamba kuna watu wanamlipa mtu kwa kazi hiyo, alisema, "Kwani sisi tulikuwa tunafanya nini?"

Sasa huko unakokwenda. Uliniambia kwamba kwenye simu wameshakuuliza kama unaweza kuwatungia kaumu ya maadui: wabaya, wengi, wabaya tangu tumboni, wa kukatwa bila mchezaji kufikiria. Mimi kazi yenu siijui, mimi nauza bobini. Lakini nimesimama nyuma ya kaunta hii maisha yangu yote. Mteja mmoja anakuja ananiambia Wahindi wako hivi, halafu anakumbuka anaongea na nani, anasema si wewe bosi, wale wengine. Mwingine, wa kwetu kabisa, ananinong'oneza kwa Kigujarati kwamba Waswahili wako vile, hakumbuki nyumbani kwangu nani ananisubiri. Wote nimewaitikia, nimewapa chenji zao wakaenda. Siringi kwa hilo. Nilichokiona ni hiki: anayesema watu fulani wote wako hivi, karibu kila mara ukimchunguza hajawahi kula kwao. Basi wakikulazimisha adui, mtunge. Mchezo bila adui haunogi, hata mimi niliyekuwa mti najua. Ila mpe bibi. Mpe bibi mmoja anayelalamika miguu inamuuma, anayewauliza wale mashujaa kama wamekula. Halafu waache wachezaji waamue wenyewe kama bado wanataka kukata.

Na jingine, hili ni la kwangu na wewe tu. Umerithi mambo mazuri kwa mama yako, lakini kunyamaza umerithi kwangu. Nilikuona mwaka juzi Farida alipotumia mchoro wako bila kukuomba. Hukumwambia kitu. Ulikuwa mpole, ulicheka naye, ukamkwepa kwa majuma, naye maskini hakujua kosa lake. Huko ugenini kishawishi kitakuwa kikubwa zaidi, kwa sababu mgeni anaogopa kuonekana mkorofi. Wanaweza kukuona Mbongo wa "naomba" na "samahani", wakadhani huna la kusema. Sema. Gombana mapema, na ikiwezekana gombana mezani chakula kikiwepo, maana mtu mwenye tonge mkononi hawezi kuondoka kirahisi. Mimi nilipoteza miaka mingi ya kuwaona mama zangu wawili wakicheka pamoja kwa sababu ya kuwa mwangalifu. Ile ambayo nimeipata, hata hivyo, inanitosha. Sikudanganyi, Mina, mimi ni mtu aliyeridhika. Jioni nikipanda ngazi nikasikia kelele kutoka mlangoni kwetu, natembea haraka.

Habari za nyuma yako usiwe na wasiwasi nazo. Tulikubaliana Kelvin ashike kiti chako cha msimulizi. Asubuhi ya leo Ba ametangaza kwamba atakishika yeye, kwa kuwa ndiye mwenye nafasi. Bibi amekataa katakata, anasema Ba atawapendelea watu wake na mvua haitanyesha tena katika nchi ile. Wamevutana kuanzia chai mpaka adhana ya adhuhuri. Uamuzi uliotoka ni kwamba watasimulia wote wawili kwa wakati mmoja. Kelvin amenitumia ujumbe kuuliza kama anaruhusiwa kuhamia gemu nyingine. Nimemjibu avumilie.

Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, chini ya visheti, ili uipate ukiwa umeshavuka Namanga na huwezi kurudi kunibishia. Huko nje wachuuzi wanaanza kukusanya biashara zao, mkokoteni umekwama mbele ya duka na watu watano wanatoa amri, hakuna anayesukuma. Mama yako amepiga simu sasa hivi. Anasema chakula kiko mezani, kila mtu amekaa, na wewe umekataa kushika sahani mpaka nifike.

Kula, mwanangu, usinisubiri.

Hapana. Nisubiri. Nafunga duka, nakuja.

Baba yako